Maji Ukiyavulia Nguo: Je, Ni Halali Kumwacha Tabibu Katikati ya Matibabu?

Walimu wenzangu wajua kwamba methali zetu hazina desturi ya kukubaliana. Ukiwaambia wanafunzi kuwa mvumilivu hula mbivu, hakosi kutokea mmoja wa kukukumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Sisi hucheka, tukasema kuwa kila methali ina mahali pake, kisha tukaendelea na somo. Lakini mahali hapo hujulikanaje? Mwaka jana niliulizwa swali hilo nje ya darasa. Aliyeniuliza hakuwa mwanafunzi, bali ni mdogo wangu wa tumbo moja, na jibu alilolitaka halikuwa la kupewa alama.

Alikuwa amekwisha kutibiwa muda wa miaka mitatu katika kliniki moja ya Kampala, akitafuta mtoto kwa njia ya kutungisha mimba nje ya mwili. Mumewe alikuwa ameuza kiwanja. Matibabu yalikuwa yameleta matata, na mtoto hakupatikana. Sasa watu walimshauri aiache kliniki ile, aende nyingine iliyoko Nairobi. Akaja nyumbani kwangu Tororo siku ya Jumapili, akaketi jikoni, akasema: "Dada, wewe ndiwe mwenye methali. Wazee wamesema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tena wamesema usiache mbachao kwa msala upitao. Basi nikiondoka leo, nitakuwa nimefanya busara au nimefanya uasi?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jitihada yangu ya kulitafuta. Mdogo wangu ameniruhusu kuyaandika mambo yake, mradi nisimtaje jina, wala nisiitaje kliniki.

Matibabu yenyewe

Kabla ya kuhukumu, yafaa tuelewe jambo tunalolihukumu. Mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili wa mama yake, Louise Brown, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978 katika mji wa Oldham, Uingereza. Mama yake alikuwa amekaa miaka mingi bila ya kushika mimba kwa kuwa mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba. Walioifanikisha kazi hiyo walikuwa watatu: daktari Patrick Steptoe, mwanasayansi Robert Edwards, na Jean Purdy aliyevitunza viinitete katika maabara. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010, wakati wenzake wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Katika nchi zetu, mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Kampala mwaka 2004, na Nairobi ikafuata mwaka 2006.

Njia yenyewe ni hii. Mwanamke hudungwa sindano kila siku, kwa kadiri ya siku kumi au kumi na mbili, ili mayai mengi yapevuke kwa pamoja badala ya moja. Kisha hupewa dawa ya kuyakamilisha mayai hayo, na baada ya saa 36 hivi huyatolewa kwa sindano ndefu. Maabara huyakutanisha mayai na mbegu za mume. Yakitungika, hulelewa siku tatu mpaka tano, nayo sasa huitwa viinitete. Kimoja au viwili huwekwa katika mji wa mimba, na vikisalia vizuri hugandishwa ndani ya naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Baada ya hapo ni kungoja wiki mbili, na wiki mbili hizo, aliniambia mdogo wangu, ni ndefu kuliko miaka tisa ya ndoa iliyotangulia.

Wala hawa si watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila sita hupatwa na taabu ya kukosa uzazi wakati fulani wa maisha yake. Sisi walimu wa lugha twajua jinsi lugha yenyewe ilivyomwelemea mwanamke katika jambo hili: neno tasa twalitumia kwa mwanamke na kwa mnyama jike, ilhali tabibu akipima huona mara nyingi kwamba sababu iko kwa mume, au kwa wote wawili. Mdogo wangu aliliogopa neno hilo kabla ya kuiogopa sindano.

Yaliyompata

Mdogo wangu huuza vitenge Malaba, mpakani. Mumewe ni dereva wa lori la mizigo kati ya Mombasa na Kampala, na lugha ya nyumba yao ni Kiswahili, kwani walikutana katika lugha hiyo. Kiingereza chake mdogo wangu ni cha kuhesabia fedha na kusalimia.

Mara ya kwanza mayai yalipatikana machache, kiinitete kimoja kikawekwa, mimba isishike. Mara ya pili kipimo cha dawa kiliongezwa. Mayai yakawa mengi, lakini tumbo likajaa maji na kuvimba, akatapika, akawa anahema kama aliyepanda mlima. Ikambidi alazwe siku sita. Hatari hiyo yajulikana kwa matabibu: vifuko vya mayai huitikia dawa kupita kiasi, maji ya mwili yakavuja na kuingia tumboni, na ikizidi yaweza kuua. Viinitete vinne vilivyopatikana vikagandishwa, ndilo jambo lililopasa. Mara ya tatu viwili kati ya hivyo viliyeyushwa na kuwekwa. Havikushika. Viwili vikabaki katika naitrojeni.

Kila mara alipouliza, "Daktari, kwa nini haikushika?" alijibiwa kwa upole, "Mama, ni mapenzi ya Mungu. Tujaribu tena." Tabibu huyo hakuwa mtu mbaya. Wakati wa kulazwa kwake alikuja kumtazama usiku, ingawa haikuwa zamu yake. Ndiyo sababu mdogo wangu alilemewa na swali. Mtu mwovu kumwacha ni rahisi. Kumwacha aliyekutendea wema ndiko kugumu.

Hoja za kubaki

Na tuzipime kwanza hoja za wanaosema abaki, kwani si hoja dhaifu.

Hoja ya kwanza ni ya shukrani. Mavyaa wake, yaani mama wa mume, alisema waziwazi: "Mtu aliyekushika mkono usiku, humwachi mchana." Katika mila zetu wema haulipwi kwa fedha peke yake. Aliyemlipa tabibu hajamaliza deni lake, kama vile mzazi aliyelipa karo hajamaliza deni lake kwa mwalimu.

Hoja ya pili ni ya maarifa. Tabibu wa zamani anaujua mwili wa mgonjwa. Ameona jinsi ulivyoitikia dawa kidogo, na jinsi ulivyoitikia dawa nyingi. Tabibu mpya huanza upya: vipimo upya, gharama upya, na pengine makosa yale yale upya. Mwenye kuhamahama huishia kuwa mgeni kila mahali.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni kwamba kushindwa kwa matibabu haya si ushahidi wa kosa. Takwimu za Uingereza, ambako kazi hii ina mamlaka ya kuisimamia tangu mwaka 1991, zaonyesha kwamba hata kwa wanawake walio chini ya umri wa miaka 35, takriban theluthi moja tu ya viinitete vinavyowekwa huleta mtoto. Kwa waliopita miaka 42 wanaotumia mayai yao wenyewe, idadi hushuka hata chini ya kimoja katika kumi. Basi tabibu hodari hushindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu. Kumwacha kwa sababu ameshindwa ni kumwadhibu kwa jambo ambalo hata mbora wao hana uwezo nalo.

Na waonao kwamba kwingine kuna miujiza, yafaa wakumbuke jinsi habari zinavyosafiri. Mwezi Novemba 2023 mama mwenye umri wa miaka 70 alijifungua pacha mjini Kampala. Habari ilienea duniani kote, na huku kwetu kila mwenye shida alitumiwa na jamaa zake. Wachache walisoma mpaka chini, palipoandikwa kuwa yai lilitolewa na mwanamke mwingine. Tumaini lililokatwa nusu hupotosha kama uongo.

Hoja za kuondoka

Upande wa pili una hoja zake. Ya kwanza yaigusa ile methali ya maji. Shemeji yangu alikuwa akirudia, "Shemeji, kiwanja kimekwenda. Tukiondoka sasa kitakuwa kimekwenda bure." Nami kwa muda mrefu niliona asema kweli. Kisha nikajiuliza: je, kiwanja kitarudi tukibaki? Hakirudi. Fedha iliyotumika imetumika, ukibaki au ukiondoka. Lililo mikononi mwetu ni fedha ya kesho na mwili wa kesho. Mtu akizipima hizo kwa kile kiwanja, jana yake itaila kesho yake.

Hapo ndipo nilipoitazama methali yenyewe kwa jicho jingine. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga: lakini mwoga alipovua nguo aliyaona maji yenyewe. Aliona kina chake na mkondo wake. Methali yamsuta mwoga wa baridi, haimlazimishi mtu kuingia maji aliyoyaona sasa yana mamba. Uvumilivu unaosifiwa na wahenga ni wa mtu aliyejua anachokivumilia. Asiyejua hatuwezi kumwita mvumilivu. Huyo amefungwa tu.

Hoja ya pili ni ya haki. Tamko la Lisbon la Chama cha Madaktari cha Dunia, lililotolewa mwaka 1981 na kurekebishwa mwaka 1995, lasema kwamba mgonjwa ana hiari ya kumchagua tabibu wake na kumbadili, na aweza kutafuta rai ya tabibu mwingine katika hatua yoyote. Hapa Uganda, Hati ya Wagonjwa iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2009 nayo yataja haki ya mgonjwa kupata habari za matibabu yake na haki ya kutafuta rai ya pili. Kwa hiyo kuondoka si uasi mbele ya sheria ya matabibu wenyewe. Lakini msomaji ataona kwamba haki ya kutenda jambo haijatuambia bado kama jambo hilo ni jema kutendwa. Nina haki ya kutomjibu jirani yangu salamu. Haifuati kwamba nafanya vema.

Kushindwa na kunyamaza

Baada ya kuzipima hoja hizi pande zote, nimeona kwamba tulikuwa tukiuliza swali lisilo lake. Tulikuwa tukiuliza: je, ameshindwa mara ngapi? Mara moja ni kidogo, mara tatu ni nyingi, basi tuondoke. Lakini mara tatu za kushindwa zaweza kuwa bahati tu. Swali lililotupasa ni hili: je, kila aliposhindwa alitueleza?

Mambo haya mawili yafaa kutenganishwa. Kushindwa si kosa la tabibu, maadamu alitenda kwa uangalifu. Bali kumnyima mgonjwa maelezo ni kosa, hata kama tabibu huyo angefaulu. Kusema "ni mapenzi ya Mungu" kwaweza kuwa kauli ya imani, na imani siipingi. Lakini anayeuliza sababu iliyo mwilini mwake akapewa kauli hiyo peke yake, amefungiwa mlango kwa jina la Mungu. Mungu ameumba pia mirija na homoni, na hizo zachunguzika.

Kwa hiyo nilimjibu mdogo wangu hivi: usiondoke kwa sababu hukupata mtoto. Kwanza nenda ukaulize tena, na safari hii uliza kwa maandishi. Omba nakala ya faili lako. Ukipewa na ukaelezwa, baki kama unataka. Ukinyimwa, ondoka, na usione haya.

Tulikwenda pamoja. Karani alituambia kwamba faili ni mali ya kliniki. Nikaandika barua nikiitaja ile Hati ya Wagonjwa. Baada ya wiki tatu na safari mbili za zaidi ya kilomita 200 kila moja, tulipewa kurasa nne. Ndani ya basi la kurudi nilimsomea mdogo wangu, nikimfasiria sentensi baada ya sentensi. Palikuwa na idadi ya mayai, vipimo vya dawa, na taarifa ya picha ya mirija iliyopigwa mwaka wa kwanza. Alisikiliza mpaka Iganga bila ya kusema neno. Kisha akasema, "Kumbe yote haya yalikuwa yameandikwa."

Nafikiri sentensi hiyo ndogo ndiyo iliyouvunja uhusiano wake na kliniki ile. Kushindwa mara tatu hakukuuvunja.

Deni la anayeondoka

Wengi wakifika hapa huona hoja imekwisha: aliyenyimwa maelezo na aondoke. Lakini anayeondoka naye ana deni, na mdogo wangu nusura alikimbie.

Kule Nairobi alipewa karatasi ya kujaza. Iliulizwa amejaribu mara ngapi, na kama aliwahi kuvimba tumbo kwa sababu ya dawa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja zamu alimnong'oneza kwamba kliniki hazipendi wagonjwa walioshindwa mara nyingi, kwani huziharibia hesabu zao. Heri aseme amejaribu mara moja tu. Mdogo wangu akanigeukia na kalamu mkononi. Alitaka kuandika "hapana." Alitaka kuingia mlango ule kama mtu mpya.

Naielewa tamaa hiyo. Nani asiyetaka kuanza upya bila ya aibu zake? Lakini tabibu asiyejua kwamba mwili huu uliwahi kufurika kwa dawa, atatoa dawa ile ile kwa kipimo kile kile. Akijua, hupunguza kipimo, hubadili dawa ya kuyakamilisha mayai, na huwa tayari kugandisha viinitete na kungoja. Mwili una kumbukumbu zake, hata ulimi ukikana. Ukimficha tabibu mpya yale ya zamani, hujahama. Umeyabeba maji yale yale ukaenda kuzama mahali pengine. Aliyelalamika kwamba alinyimwa ukweli hana ruhusa ya kuunyima. Akaandika "ndiyo," akaambatisha na zile kurasa nne.

Tabibu alizisoma mbele yetu, akarudi kwenye ile taarifa ya picha ya mwaka wa kwanza. Kisha akaeleza kwa Kiswahili, polepole: "Mirija yako haikuziba tu, imejaa maji. Maji hayo huteremka ndani ya mji wa mimba, na yaweza kuvizuia viinitete kushika. Kwa kawaida tungeiondoa mirija hiyo, au kuifunga, kabla ya kuweka kiinitete." Hakusema kwamba hiyo ndiyo sababu hakika. Alisema yaweza kuwa sababu, na kwamba hata ikiondolewa hakuna ahadi. Mdogo wangu alilia. Nilidhani analia kwa hasira, naye akaniambia baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuusikia mwili wake ukizungumzwa katika lugha anayoota nayo ndoto.

Walimu wa Kiswahili, hapo tuna sehemu yetu. Twajisifu kwamba lugha yetu yaweza kubeba sayansi. Kama yaweza, basi isiishie katika orodha za istilahi zinazofungiwa makabatini. Neno kama kiinitete lina kazi kubwa zaidi kinywani mwa tabibu aliyeketi mbele ya muuza vitenge kuliko katika karatasi ya mtihani.

Deni la anayeachwa

Limebaki deni la upande wa pili, la yule anayeachwa. Hapa siwezi kumhukumu tabibu wa Kampala bila ya kujihukumu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuwa hodari wa Kiswahili kuliko wenzake wote, alihamishwa na wazazi wake katika muhula wa pili wa mwaka wa mtihani. Niliona nimetukanwa. Nilikuwa nimemfundisha miaka mitatu, na matunda yatavunwa na mwingine. Nilipotakiwa kuandika barua ya maendeleo yake kwa shule mpya, niliandika mistari mitatu mikavu. Sikutaja kwamba macho yake yalikuwa na taabu na ilimpasa kukaa mstari wa mbele. Nililijua jambo hilo, sikuliandika. Katika moyo wangu nilisema, "Na wajionee wenyewe." Alikaa nyuma muhula mzima.

Siku nilipoambiwa kwamba faili ni mali ya kliniki, nilikasirika, na katikati ya hasira nikaikumbuka barua yangu. Yule karani alisema kwa kinywa kile nilichokitenda kwa kalamu. Mimi pia niliyafanya maarifa niliyoyapata kwa mtoto yule kuwa mali yangu, ilhali yalikuwa yake. Mwalimu hujifunza juu ya mwanafunzi kwa kumfundisha. Tabibu hujifunza juu ya mgonjwa kwa kumtibu. Karatasi, na iwe ya shule au ya kliniki. Lakini kilichoandikwa juu yake ni habari ya maisha ya mtu, na mtu akiondoka hana budi kuondoka nayo. Aliyeachwa ana ruhusa ya kuhuzunika. Ruhusa ya kulipiza kwa kunyamaza hana.

Na tukisema hivyo, ile hoja ya shukrani nayo yapata mahali pake. Mdogo wangu alimwandikia tabibu wa Kampala barua, nami nikamsaidia kuipanga. Alimshukuru kwa usiku ule alipokuja kumtazama hospitalini. Akamwambia kwamba anakwenda kwingine, na kwa nini. Shukrani yataka kuagana. Haitaki kukaa milele. Mavyaa wake alipoambiwa kuhusu barua hiyo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hivyo sawa. Mimi nilidhani mtatoroka."

Naam, maneno haya mawili yafaa tuwafundishe wanafunzi kuyatofautisha. Anayehama hufunga mizigo mchana, huwaaga majirani na kulipa anachodaiwa. Anayetoroka huondoka usiku. Huenda wote wawili wakafika nyumba ile ile, na bado mmoja ametenda haki na mwingine hakutenda.

Hitimisho

Najua msomaji anangoja kuulizia mtoto. Hadi naandika maneno haya, mtoto hajazaliwa. Mdogo wangu amekwisha kupasuliwa na mirija ile kuondolewa. Viinitete viwili bado vimo Kampala, katika baridi yao, naye huvilipia kila mwaka. Tabibu wa Nairobi amemweleza kwamba kuvisafirisha kuvuka mpaka kwawezekana, lakini kuna taratibu zake na hatari zake, na kwamba huenda ikawa vema arudi viwekwe pale pale vilipo, akiwa na barua yake mkononi. Yumkini atarudi. Akirudi, hatakuwa yule aliyekuwa akiambiwa "tujaribu tena." Tabibu wa Kampala, kwa kumsifu kwa haki, amejibu barua yake, na ameandika kwamba atampokea na kwamba ile picha ya mwaka wa kwanza ilimpasa kuitazama upya.

Basi je, alitenda vema kuondoka? Nasema alitenda vema, na nasema hivyo bila ya kungoja mtoto. Tukiungoja uzao ndipo tuhukumu, tutakuwa tumeuacha wema mikononi mwa bahati: akizaa tutamwita mwerevu, asipozaa tutamwita mjinga, ilhali tendo ni lile lile. Alitenda vema kwa kuwa aliuliza kabla ya kuondoka, aliaga alipoondoka, na alisema kweli alipofika.

Kuhusu zile methali mbili, nimemjibu hivi. Mbacha hauachwi kwa sababu msala unapita ukimeremeta. Lakini mtu ana haki ya kuukunjua mbacha wake juani, auone umetoboka wapi. Na maji tuliyoyavulia nguo tuyaoge, ila aliye ukingoni lazima atuambie kina chake.

Nawaomba walimu wenzangu walipeleke swali hili darasani, wanafunzi wajadiliane: aliyetendewa wema na asielezwe kweli, ana deni gani kwa mtendaji? Wapewe pande zote mbili, na wasiruhusiwe kumaliza kwa kusema kwamba kila methali ina mahali pake. Na waambiwe waonyeshe mahali penyewe. Mimi, kabla ya kulipeleka kwa wangu, nilikuwa na barua moja ya kuandika. Mwanafunzi yule sasa ni mtu mzima, naye hufundisha. Nilimwandikia kwamba nililijua jambo la macho yake, na sikulisema.